Nyama Aliyokatiwa Mama

Lyon, 2 Machi 1997

Mama mpenzi,

Kwa hiyo ni kweli, mnakuja! Wewe na Shangazi Hermelinda, Aprili, wiki mbili nzima. Nimeisoma barua mara tatu, kisha nikashuka ngazi kumwambia Mama Philomène, mwenye nyumba wangu, naye akapiga meza kwa kiganja hata vikombe vikaruka.

Nianze na chakula, maana najua ndilo swali lako la kwanza na afya yangu ni la pili. Chumba changu kiko juu ya mkahawa wake, kwa hiyo harufu inanifikia kabla ya kengele ya kanisa. Jumatatu ni dengu na soseji nene. Jumanne ni madonge ya samaki wa mtoni, laini hata huhitaji meno, yakiogelea kwenye mchuzi wa kamba. Alhamisi ni utumbo. Ndiyo, Mama, utumbo! Anauchemsha, anaulaza kwenye mvinyo, anaupaka unga wa mkate na kuukaanga mpaka unalia ukiutafuna. Baada ya hapo jibini laini iliyopigwa na vitunguu majani, halafu keki bapa ya lozi nyekundu. Nimenenepa. Suruali niliyokuja nayo sasa inafungwa kwa pini.

Sasa nisikilize. Leteni makoti, Aprili hapa bado ina meno. Usilete pilipili za rocoto, watazitupa uwanja wa ndege. Uma ushikwe mkono wa kushoto. Usipige makofi kumwita mtu wa kuhudumu. Usimwage tone la kwanza chini kwa ajili ya ardhi, sakafu ni ya mbao na hawataelewa. Ukishiba usiseme kwa sauti kwamba umeshiba.

Siku moja tutakula na Profesa Garrigue, anayesimamia utafiti wangu wa maji, pamoja na mkewe. Mwezi wa tano yeye ndiye atakayeandika barua ya kuniombea mwaka mmoja zaidi wa ufadhili. Kwa hiyo, Mama, tafadhali. Najua utanielewa.

Mwanao anayewasubiri,
Nélida

*

Arequipa, 17 Machi 1997

Nélida mwanangu,

Anayeandika ni shangazi yako, anayesema ni mimi, kama kawaida. Wewe unajua shule mimi niliiacha darasa la pili, ikaniacha nayo.

Kurasa tatu za masharti! Nilidhani naenda kumwona mwanangu, kumbe naenda mahakamani. Uma kushoto, sawa. Makofi hapana, sawa. Ardhi ya huko itakaa na kiu, shauri yake. Lakini kushiba nisiseme? Na mpishi atajuaje?

(Nimemwambia aache rocoto. Amezificha ndani ya soksi. H.)

Shangazi yako anadhani sijui anachoandika kwenye mabano. Najua, kwa sababu akiandika mambo yake hutoa ulimi.

Wateja wa mkahawa wetu wamefurahi. Don Fermín, fundi saa, amesema nikirudi nimweleze kama Wafaransa kweli wanakula konokono au ni matusi ya majirani zao. Nimemwambia mtu anayekula kichwa cha kondoo kila Jumamosi kwangu asimcheke mla konokono.

Huyo Philomène nimempenda kabla sijamwona. Mwanamke anayepika utumbo Alhamisi, kila Alhamisi, bila kudanganya mtu, huyo ni mwenzangu. Mwambie nitamsalimu jikoni kwake kabla sijakaa. Na kwa profesa wako usiogope. Nimelisha majaji na maaskofu kwenye benchi zangu, na wote walilamba vidole.

Mungu akulinde mpaka tufike.

Mama yako,
Saturnina

*

Arequipa, 18 Mei 1997

Mwanangu Nélida,

Tumefika salama, miguu yangu imevimba kama mikate, lakini moyo wangu uko mwepesi. Wiki mbili sasa watu wanakuja kuniuliza habari za Lyon, na mimi wiki mbili nimeeleza, mpaka sauti imekauka. Sasa nakueleza na wewe uliyekuwepo, maana sijachoka.

Nimewaambia habari za mito miwili na ngazi zisizokwisha. Nimewaambia habari za jibini inayonuka kama soksi za marehemu baba yako na bado nikala vipande vinne. Lakini wanachotaka kusikia kila mara ni siku ile ya utumbo.

Nawaambia hivi. Tulifika uchochoroni, nikasikia harufu, nikaona mlango wa jikoni uko wazi. Nikaingia jikoni kama mtu mwenye adabu, si kama wageni wa Lima wanaoingia kwa mlango wa barabarani na kukaa bila hata kumsalimu mpishi. Nikafunua chungu, nikaonja, nikaongeza chumvi kidogo. Hapo Philomène akapiga kelele. Mimi nikadhani ni kelele ya furaha, maana hata mimi mpishi mwenzangu akija napiga vigelegele. Ukaja wewe mbio, umekuwa mwekundu, ukamwambia maneno. Ee Bwana! Uso wa yule mwanamke ulibadilika. Alinishika mkono kama mtu anashika yai. Akaniongoza hadi mezani mbele ya profesa wako, akanifunga kitambaa shingoni kwa mikono yake, akaketi kando yangu, na wateja wake wakingoja, akanikatia nyama. Vipande vidogo vidogo. Kimoja kimoja.

Nikakuuliza, mbona ananikatia? Ukanijibu, Mama, hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa huku, mpishi anamkatia mama wa mgeni. Nikalia pale pale. Mimi tangu nizaliwe nimekata nyama za watu. Hakuna aliyewahi kunikatia yangu, hata baba yako, Mungu amrehemu, ambaye alinipenda kwa njia yake.

Basi nimeamua. Jumapili iliyopita don Fermín alikuja na mjukuu wake aliyefunga ndoa. Nikaketi kando ya mzee nikamkatia nyama. Watu wote wakashusha vijiko. Nikawaeleza hiyo ni heshima ya Lyon, mpishi kwa mpishi nimeipokea, na sasa iko Arequipa. Don Fermín ana meno yake yote thelathini na mawili, lakini alitulia kama mtoto. Alipoondoka alinibusu mkono.

Mshukuru Philomène. Mwambie desturi yake imefika mbali.

Mama yako,
Saturnina

*

Lyon, 3 Juni 1997

Mama mpenzi,

Nafurahi mmefika salama. Hapa kumeanza joto, na Mama Philomène ameanza kupika saladi ya majani yenye mafuta ya nguruwe na yai. Ni tamu sana.

Nimepata ule mwaka mmoja wa ufadhili. Profesa ameandika barua nzuri.

Kuhusu ile habari ya kukata nyama, Mama, nafikiri ingefaa uiache. Desturi ya mahali ni ya mahali. Huenda wateja wakadhani unaringa kwa sababu ulipanda ndege. Unawajua watu wetu, hawachelewi kusema. Na kazi yenyewe unayo ya kutosha.

Nina mitihani, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Msalimie Shangazi.

Nélida

*

Arequipa, 22 Juni 1997

Mwanangu,

Hongera kwa ufadhili! Nimewasha mshumaa kwa Bikira wa Chapi na nimempa kikombe cha chicha, pombe yetu ya mahindi, kila aliyepita mlangoni, hata yule karani wa maji anayetukatia bomba.

Sasa hii nyingine. Niache? Mimi? Niringe kwa lipi, mwanangu, mimi ninayenuka kitunguu tangu utosini hadi unyayoni? Wanaosema na waseme. Kusema wanasema hata nikinyamaza.

Tena umechelewa. Akina mama wa mikahawa yote tumekutana kupanga meza ya sherehe ya mji, tarehe kumi na tano Agosti. Tunapika wanawake kumi na wanne, uwanjani, meza moja ndefu. Wamesikia habari ya Lyon. Wamenichagua mimi nifungue meza: nisimame mbele ya watu wote, nieleze nilivyokatiwa nyama na mpishi wa Ufaransa, kisha nimkatie meya kipande cha kwanza. Mimi, Saturnina! Miaka thelathini wale wenye mikahawa ya vitambaa vyeupe wamekuwa wakituita wanawake wa utumbo. Hotuba nimeshaipanga kichwani. Nimeirudia mbele ya kuku.

Nitumie jina kamili la Philomène nilitaje vizuri.

Mama yako,
Saturnina

*

(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Nélida,

Hii haisemwi na mama yako. Ni mimi, shangazi yako.

Siku ile ya utumbo nilikuwa mlangoni, nyuma yako. Mama yako alikuwa amekupa mgongo, ameinamia chungu. Kifaransa sikijui. Lakini nilikiona kidole chako kikienda kwenye paji la uso na kuzunguka. Kidole hicho, mwanangu, hakihitaji mkalimani. Nimefundisha watoto miaka thelathini na sita, nimewachapa wengi kwa sababu yake.

Nimenyamaza kwa kuwa sikuwa na uhakika, kisha kwa kuwa alikuwa na furaha. Kila anachoniambia niandike naandika, na mkono unaniwasha. Niambie ulisema nini. Usinidanganye mimi pia.

Hermelinda

*

Lyon, 7 Julai 1997

Shangazi yangu mheshimiwa,

Nilisema, “Msameheni, mama yangu hana akili timamu.”

Nimeandika sentensi hiyo kwanza ili nisipate nafasi ya kuizunguka. Nimeianza barua hii mara tano, na kila mara nilijikuta naeleza hali ya hewa.

Sikuwa nimekusudia. Najua kila mwenye kosa husema hivyo. Nilikuwa na profesa na mkewe mezani, nawaeleza kwamba familia yangu ina mkahawa Arequipa. Nilitamka “mkahawa” kwa namna ambayo mtu angeona vitambaa vyeupe na glasi tatu kwa kila sahani. Sikutaja mabenchi. Sikutaja kuku wanaopita chini ya meza. Kisha nikasikia kifuniko kikianguka na Mama Philomène akiuliza kwa ukali, “Nani huyu jikoni kwangu?” Hapa Shangazi, hata mumewe alikuwa haruhusiwi kuvuka kile kizingiti. Mama aliniandikia kwamba atamsalimu jikoni, nami niliisoma kama salamu tu. Niliwaandikia kurasa tatu za uma na makoti, lakini habari ya mlango nikaisahau, kwa sababu kwetu ni kitu kisichosemwa.

Nilipofika nilimwona Mama na kijiko chake alichotoa kwenye aproni. Alikuwa amevaa aproni chini ya koti, Shangazi, Lyon, kwenye chakula cha wageni. Wateja walikuwa wamegeuza shingo. Profesa alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nilitaka ardhi inimeze, na kwa kuwa haikunimeza, nikamtupa yeye.

Yaliyofuata mnayajua. Nilidhani Philomène atakasirika, tutaondoka, yataisha. Sikujua alikuwa na kaka mgonjwa wa akili aliyemlea mpaka alipokufa. Alinieleza baadaye, mlipokwisha ondoka. Ile nyama aliikata kwa upendo wa kweli. Mkono wake ulikuwa unakumbuka. Na mke wa profesa alivyokuwa anamsemesha Mama kwa sauti ya kubembeleza watoto wachanga, Mama akimjibu kwa tabasamu na kumwonyesha rocoto zake kwenye soksi, mimi nilikuwa katikati natafsiri. Mke wa profesa alisema, “Maskini, anaonekana hana uchungu wowote.” Nikamwambia Mama, “Anasema umependeza.” Mama akasema, “Mwambie na yeye aje kwangu, nitamnenepesha kidogo.” Nikamwambia yule mama, “Anashukuru.”

Na si hayo tu. Katika barua ya ufadhili profesa ameandika kwamba nasoma kwa bidii licha ya mzigo wa mzazi mgonjwa. Nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo huu mwaka niliopata, ambao Mama aliuwashia mshumaa, nimeupata kwa kukiuza kichwa chake.

Kila siku Philomène ananiwekea kipande cha ziada na kuuliza, “Mama yako anaendeleaje, masikini?” Nami nakula. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwamba chakula bado ni kitamu na bado nakula.

Shangazi, mwambie wewe. Wewe unajua namna. Mwambie kabla ya tarehe kumi na tano, polepole, siku akiwa ameketi. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Nélida

*

Arequipa, 19 Julai 1997

Nélida,

Simwambii.

Aliniona napokea barua. Akaniuliza Nélida anasemaje. Nikamsomea ukurasa mzima ambao haukuwepo: mitihani, saladi, joto. Akasema, “Mbona mfupi hivyo siku hizi?” Nikasema amechoka. Sasa tumekuwa wawili. Mimi mwalimu, nimesimama jikoni kwa wifi yangu na miwani puani, nasoma uongo kwenye karatasi. Umeniambukiza.

Waliosema mkataa kwao mtumwa hawakukosea. Lakini sitaki kukutukana, kwa maana mimi pia niliona kidole na nikala keki ya lozi juu yake.

Hotuba yake ameimaliza. Inaanza, “Akina mama wenzangu, kuna mahali wanatuheshimu.” Anaisema akiosha vyungu.

Una wiki tatu na siku chache, na posta unaijua. Andika mwenyewe. Utakachoandika nitakisoma chote, neno kwa neno, hata kama litanichoma ulimi. Hilo nakuahidi.

Hermelinda

*

Lyon, 2 Agosti 1997

Kwa Mheshimiwa Doña Saturnina,

Mimi ni Philomène Jacquemod, mpishi. Binti yako ndiye anayeitia barua hii katika Kihispania, kwa amri yangu. Na kwa kuwa simwamini tena, kila mstari utasomwa na Bwana Baldomero, mwashi wa Kihispania anayekula kwangu tangu mwaka sabini na mbili, naye atanirudishia kwa Kifaransa nione kama ni maneno yangu.

Jumatano binti yako alishuka jikoni. Aligonga kwanza. Akaniambia kwamba siku ile uliponitembelea alinidanganya, kwamba alisema huna akili timamu kwa sababu alikuonea aibu mbele ya profesa. Nilikuwa nimeshika upawa. Namshukuru Mungu haukuwa kisu.

Nina jambo langu la kusema kwako. Nilikuwa na kaka, Anselme. Miaka thelathini nilimkatia nyama mezani, kwa kuwa hakujua kukitumia kisu bila kujiumiza. Nilipoambiwa kwamba wewe uko kama yeye, niliinuka nikafanya nilivyozoea. Sikukuheshimu, Bibi. Nilikuhurumia. Wewe ulinishika mkono na kulia, nami nikamwambia binti yako, ona, wanaelewa wakipendwa. Nikikumbuka maneno hayo uso unaniwaka. Nilimkatia nyama mwanamke mwenye kazi kama yangu.

Ningepaswa kujua. Uliufunua mchuzi wangu, ukaonja, ukatia chumvi. Baada ya ninyi kwenda niliuonja. Ulikuwa umepungukiwa chumvi, na sasa ulikuwa umekaa sawa. Mgonjwa gani wa akili anajua hivyo? Nilijua, nikajifanya sikujua, kwa maana ilikuwa rahisi zaidi kukuhurumia kuliko kukubali kwamba mtu ameingia jikoni kwangu na kunirekebisha.

Binti yako amenieleza kwamba kwenu anayeheshimu huanzia jikoni. Hapa si hivyo, na siwezi kusema nitabadilika, nina miaka sitini na minane. Lakini wewe ukija tena, mlango wa jikoni uko wazi kwako, na kisu chako utashika mwenyewe.

Naomba radhi.

Philomène Jacquemod

*

(Chini ya barua hiyo, kwa mkono wa Nélida)

Mama,

Nimetafsiri yote. Bwana Baldomero amenirudisha mara mbili. Mara ya kwanza niliandika “umechoka” mahali pa “huna akili timamu”. Alilizungushia tu duara kwa penseli yake ya uashi. Hata nikiwa natubu bado mkono wangu unateleza. Mara ya pili niliruka ile sentensi ya kwamba wanaelewa wakipendwa.

Hakuna desturi ya kukata nyama. Haijawahi kuwepo. Niliitunga mezani, kwa kupumua mara moja, ili usiulize tena.

Kwa profesa nimekwenda Ijumaa, nikamwambia kwamba mama yangu ni mzima, ana mkahawa wa utumbo na mabenchi, na kwamba mwongo ni mimi. Amesema atafikiri la kufanya kuhusu ule mwaka. Akiuondoa, ni haki yake.

Sikuombi chochote, Mama. Nakuonea haya mpaka siwezi kuandika neno mpenzi juu ya barua hii.

Nélida

*

Arequipa, 17 Agosti 1997

Nélida,

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne, saa ya kuchambua kamba wa mchuzi wa sherehe. Shangazi yako alinisomea nimesimama. Nikamwambia asome tena. Mara ya pili alipofika pale pa akili, nikamwambia inatosha, nikaendelea na kamba. Walikuwa ndoo mbili.

Kesho yake nilivaa nguo ya bluu. Uwanja ulijaa. Wanawake kumi na watatu walikuwa nyuma yangu na aproni zilizopigwa pasi, meya mbele yangu na kitambaa kimeshafungwa shingoni, amejifunga mwenyewe, maana alikuwa amesikia. Don Fermín alikuwa mstari wa kwanza na wajukuu. Kipaza sauti kikapiga mluzi. Kila mtu akaningoja mimi na kisu.

Nikasema, “Jamani, nilielewa vibaya. Hiyo desturi haipo. Mimi mwanamke wa jikoni, sijui lugha za watu, nilimwona mtu ananikatia nyama nikajitungia hadithi. Kateni wenyewe, mikono mnayo.”

Walicheka, Nélida. Uwanja mzima. Mmoja wa wale wa vitambaa vyeupe alisema kwa sauti, “Ndege kapanda, akili kaacha Lima!” na wakacheka zaidi. Meya alicheka hadi akajipangusa macho kwa kile kitambaa. Don Fermín peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia sahani yake. Nilimkatia nyama miezi mitatu yule mzee, naye aliniachia, akiamini ananipa heshima na mimi nampa yake. Kwake nimekwenda jana nyumbani kuomba radhi. Hakutaka kuisikia.

Jina lako sikulitaja. Wote wanajua mimi ni mjinga, hakuna anayejua wewe ni nani. Kwa Philomène nitaandika barua yake mbali. Yeye sina neno naye. Alifanya wema kwa alichoambiwa, na mchuzi wake ulipungukiwa kweli.

Wewe umeniuliza bila kuuliza kama nimekasirika. Ningekasirika ningepona haraka. Nilikaa naipiga hesabu safari yote tangu mwanzo: ulivyokuwa unanitafsiria madukani, kanisani, kwa yule muuza jibini. Kila mtu aliyenitabasamia kule, sasa sijui alikuwa anamtabasamia nani. Wiki mbili zangu za furaha zote zimebaki mikononi mwako, na mimi sina njia ya kujua ipi ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo ulilonichukulia.

Profesa akikuachia ule mwaka, soma. Usiache kula kwa Philomène, chakula hakina kosa. Ufadhili ukikatika, njoo. Ukimaliza pia, njoo. Kitanda chako kipo.

Lakini ukija, usipite jikoni. Ingia kwa mlango wa barabarani, kaa kwenye benchi pamoja na wageni wa Lima, agiza. Nitakuletea sahani iliyojaa, moto, sitakunyima hata mfupa. Siku nikikuita jikoni utasikia. Usiniulize lini.

Saturnina

(Nimeandika alivyosema, sikupunguza. Nilimwuliza kama nimalizie na “Mama yako” kama siku zote. Akasema andika jina tu kwanza. H.)